Kuingia si kushika

Masika yalipoanza nilimpelekea fundi gari langu kuukuu la fowili, lile la kusukumwa na matairi yote manne. "Fundi, fowili haiingii." Akapanda, akavuta gia ndogo, ikakubali bila ubishi. "Mbona imeingia, mzee? Sema haishiki."

Hapa gereji imetuzidi sisi wa kalamu. Kuingia ni habari ya gia: meno yamekutana, propela ya mbele imeungana na ya nyuma. Gia ikigoma kusogea, hapo ndipo useme haiingii. Kushika ni habari ya tairi. Moto hushika, mimba hushika, saruji hushika: kitu kimetiwa, nacho kikaitika.

Kwenye magari mengi ya zamani, katikati ya hayo mawili kuna habu, kile kitufe cha mviringo kwenye tairi la mbele ambacho dereva hushuka kukigeuza kwa mkono. Kisipofunga, ekseli inazunguka ndani na tairi halina habari. Fundi alizima injini, akaliacha gari kwenye gia na fowili imeingia, akainua tairi moja la mbele kwa jeki, akalisukuma kwa kiganja. Lilipaswa kukataa. Likazunguka kama feni. Alipofungua habu, grisi ilikuwa imeganda kama gundi, na tope la mwaka jana (sikusema neno) limejaa kwenye meno. Akaosha kwa petroli, akapaka grisi mpya, kidogo tu.

Wengine husema "haikamati". Sipingi, ingawa kwangu kukamata ni kazi ya breki na polisi.