Bustani ya Mfalme, Bustani ya Moyo

Mwaka 1897 Stockholm ilifanya maonyesho makubwa ya sanaa na viwanda katika kisiwa cha Djurgården, na humo Fredrik Robert Martin, Mswidi ambaye hakuwa ametimiza hata miaka thelathini, akaonyesha hazina yake ya vitu vya Mashariki. Baadaye alifanya kazi katika ubalozi wa nchi yake mjini Istanbul, na mwaka 1912 alichapisha mjini London juzuu mbili kuhusu michoro midogo ya Uajemi, India na Uturuki. Kazi ile ni ya heshima kubwa. Lakini nchi tatu zikiwekwa katika ukoo mmoja, upande mzima wa India hufifia.

Kwa watawala Waislamu wa Mughal nchini India, ukoo huo ni wa kweli. Babur, mtawala wao wa kwanza, alipenda bustani ya Kiajemi iliyogawanywa sehemu nne kwa mifereji ya maji. Kumbukumbu zake zilitafsiriwa kwa Kiajemi mwaka 1589 kwa ajili ya mjukuu wake, Akbar, na wachoraji Bishndas na Nanha wakamwonyesha Babur akisimamia ujenzi wa Bagh-i Wafa, Bustani ya Uaminifu: mafundi wananyoosha kamba ya kupimia, mmoja ameshika ramani, mikomamanga imezaa. Hiyo ni bustani ya mtu anayeiamuru ardhi.

Katika majumba ya Warajputi, wafalme Wahindu wa India, bustani ina kazi nyingine, na hapa ndipo ninapopenda kukaa. Mshairi Keshavdas, katika Rasikapriya ya mwaka 1591, aliwapanga wapenzi kwa hali zao: anayengoja, aliyeachwa, anayetoroka usiku kumfuata mpenziwe. Wachoraji wakazipa hali hizo miti na mvua. Uso wa mwanamke hausemi mengi. Yanayosema ni mtambaa uliokumbatia mti, ndege wawili wawili, radi juu ya baraza, kitanda kilichotandikwa bila mtu. Msomaji wa mashairi ya Pwani, aliyezoea asumini na kilua kubeba maneno ambayo mtu huona haya kuyatamka, ataielewa lugha hii bila mkalimani. Huko Basohli, katika milima ya kaskazini mwa India, karibu na mwaka 1695, wachoraji walibandika hata vipande vya mabawa ya mende kwenye karatasi ili zumaridi shingoni mwa mpenzi zimetemete.

Mwanahistoria wa sanaa Ananda Coomaraswamy aliutetea upande huu mwaka 1916 katika kitabu chake kuhusu uchoraji wa Warajputi, akautenga kabisa na wa Mughal. Naona alizidisha. Nainsukh wa Guler, mchoraji wa Warajputi wa milimani aliyefariki mwaka 1778, alikuwa amezama katika ufundi wa Mughal wa kutazama mtu na jani kwa makini. Kizazi kilichomfuata katika ukoo wake ndicho kilichochora picha maarufu za Kangra za shairi la mapenzi Gita Govinda, ambamo Radha na Krishna wanakutana kando ya mto Yamuna, chini ya miti iliyochorwa jani kwa jani.