Kama Hannibal Angaliishinda Rumi

Leo twataka kuzungumza nanyi juu ya vita ambavyo havimo katika Biblia. Vilipiganwa zaidi ya miaka mia mbili kabla ya Bwana Yesu kuzaliwa. Hata hivyo, tulipokuwa vijana katika chuo cha theolojia tulibishana juu ya vita hivyo mpaka taa zikazimwa, na wengi wetu tulikuwa upande wa Hannibal. Alitoka Afrika, akavuka milima ya Alps pamoja na ndovu wake, akawatetemesha Warumi nyumbani kwao. Ni Mwafrika gani asingalimtakia heri mtu kama huyo?

Mji wake ulikuwa Karthago, katika nchi ambayo leo ni Tunisia. Mwaka 216 K.K., mahali paitwapo Cannae, kusini mwa Italia, aliwazunguka Warumi akawaua karibu 50,000 kwa siku moja. Lakini hakwenda Rumi. Alipofika mbele ya malango yake miaka mitano baadaye wakati ulikuwa umepita, na mwaka 202 K.K. alishindwa huko Zama, katika nchi yake mwenyewe. Na ni nani waliompa Mrumi ushindi siku ile? Wapanda farasi wa Numidia, wakiongozwa na Masinissa, mwana wa Afrika! Habari hiyo hatukuijua tulipokuwa tukibishana.

Watu wa Karthago ndio hasa waliokuwa na asili ya ugenini. Baba zao walitoka Tiro, mji ule ambao mfalme wake alimpelekea Sulemani mierezi. Lugha yao ilikuwa ndugu ya Kiebrania. Wakuu wao wa kila mwaka waliitwa kwa neno lile lile ambalo kwa Kiebrania ni jina la kitabu cha Waamuzi. Na jina Hannibal maana yake ni neema ya Baali. Yohana maana yake ni kwamba Bwana amefanya neema. Mzizi wa neno ni mmoja, ila mungu ni mwingine.

Basi, tuseme angalishinda. Mkataba aliofanya na mfalme Filipo wa Makedonia mwaka 215 K.K. waonyesha kwamba hakukusudia kuifuta Rumi, bali kuipunguza nguvu isimsumbue tena. Huko mashariki, Misri na Shamu zingalibaki mikononi mwa wafalme wa Kiyunani, na Kiyunani kingaliendelea kusemwa sokoni, kwa hiyo Agano Jipya lingaliweza kuandikwa kwa lugha ile ile. Wala mtu asidhani kwamba msalaba usingalikuwako. Watu wa Karthago waliwasulubisha majemadari wao walioshindwa vitani.

Jambo gumu ni Yerusalemu. Mwaka 168 K.K. mfalme Antioko wa Nne wa Shamu alikuwa karibu kuuteka Iskanderia, na Misri yote pamoja nao. Mjumbe wa Rumi, Popillius Laenas, akaja na fimbo mkononi, akachora duara mchangani kumzunguka mfalme, akamwambia atoe jibu kabla ya kutoka humo. Antioko akarudi kwao. Mwaka uliofuata hekalu la Yerusalemu likatiwa unajisi, Wamakabayo wakaasi, na mwaka 164 K.K. wakalitakasa. Kutoka hapo ilipatikana ile Sikukuu ya Kutabaruku ambayo Yohana aitaja. Sasa, kama Rumi ingalikuwa imenyamazishwa, Antioko angaliimeza Misri. Je, akiwa na mali yote ya Misri, Wamakabayo wangalimweza? Au labda, akiwa ameshiba, asingaliugusa Yerusalemu kamwe? Tumelifikiri jambo hili mara nyingi, na kila mara twaegemea upande mwingine.

Wako wahubiri wasemao kwamba Mungu aliipa Rumi ushindi ili kuitengenezea Injili barabara. Nasi tumewahi kusema hivyo mimbarani. Ni kweli Paulo alizipita barabara hizo, tena alikata rufani kwa Kaisari. Lakini mwaka 149 K.K. watu wa Karthago walikuwa wamekwisha kutoa watoto 300 wa wakuu wao wawe dhamana ya amani, na kusalimisha silaha zao. Ndipo Warumi wakawaambia wauhame mji. Walikataa, wakapigana miaka mitatu. Mwaka 146 K.K. vita vya nyumba kwa nyumba vilikwenda siku sita, mchana na usiku, na watu 50,000 waliobaki waliuzwa utumwani. Siku hizi hatuthubutu kuuita msiba huo utengenezaji wa barabara.

Warumi wenyewe waliujenga mji upya, na Kanisa likachipuka pale juu ya majivu. Mwaka 203 Perpetua, mama mwenye mtoto wa kunyonya, na Felicitas, mtumwa, waliuawa uwanjani. Mwaka 258 askofu Cyprian alikatwa kichwa. Tertullian aliandika huko kwa Kilatini, lugha ya washindi, nayo ikawa lugha ya ibada.

Lakini vijijini Kipuni cha Hannibal hakikufa. Augustino, askofu wa Hippo, alihangaika kumpata mtu ajuaye Kipuni awe askofu wa Fussala, katika jimbo lake. (Sisi tuliowahi kuhubiri kwa mkalimani twaijua taabu yake.) Yeye huyo aliandika kwamba wakulima wa huko walipoulizwa wao ni watu gani, walijibu, Chanani, yaani Wakanaani. Ilikuwa imepita miaka zaidi ya 500 tangu mji wao uteketezwe. Na Augustino aliposikia neno hilo alimkumbuka yule mama Mkanaani, aliyemfuata Yesu pande za Tiro na Sidoni akimlilia kwa ajili ya binti yake.