Frasila mbili mabegani, kibegi kimoja kwenye ndege



Rafiki yangu mmoja wa hapa Baraka alipata nafasi ya kusoma Ulaya. Ndege kubwa ilimpeleka bila shida. Shida ilimngoja kwenye ndege ya pili, ya kutoka nchi moja ya Ulaya kwenda nyingine: kibegi chake cha mkononi kilikataa kuingia katika kile kisanduku cha kupimia. Akalipa, na pesa ya chakula cha wiki ikaishia pale mlangoni. Akanipigia simu: "Kaka, hii sheria ya kupimiana mizigo ilitoka wapi?"

Sheria yenyewe ni ya zamani, na ilipita hapa kwetu.

Aprili 1858 Burton na Speke walitoka Ujiji kwa mitumbwi, wakapita Ubwari, hii rasi tunayoiona ng'ambo ya ghuba kila siku (Burton alidhani ni kisiwa), wakafika Uvira. Vitu vyao vilikuwa vimetoka pwani kwa mabega ya wapagazi. Burton aliandika kipimo: mzigo mwisho wake ni frasila mbili, karibu kilo 32. Juu yake mpagazi alibeba vyake: mkeka, chungu, posho. Hata umbo lilikuwa na kanuni. Vitambaa vilifungwa mtumba mrefu, ukakazwa kwa fito, ili uegemezwe kwenye mti bila kugusa tope. Ndiyo, mtumba: neno hilohilo la nguo za sokoni leo.

Lakini tajiri hakuweka kipimo hicho peke yake. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walijua kazi yao. Mzigo ukizidi, waliuacha chini, wakagoma, ao wakatoroka usiku. Mwenye bega alikuwa na sauti.

Sauti hiyo ilipochukuliwa, tuliona matokeo. Vita vya 1914-1918, jeshi la Wabelgiji, lililoteka Tabora (Septemba 1916), lilitumikisha wapagazi zaidi ya 200,000 katika vita hivyo, wengi kwa nguvu. Wengi hawakurudi. Kipimo bila haki ya kukataa si kipimo, ni amri tu.

Sasa turudi Ulaya. Mwaka 2014 Mahakama ya Umoja wa Ulaya, katika kesi ya kampuni Vueling, ilisema begi la mkononi ni kitu cha lazima kwa msafiri: lisitozwe pesa ya ziada, mradi uzito na ukubwa wake viwe vya kiasi. Lakini "kiasi" ni ngapi? Kila kampuni ikapima kwa futi yake. Novemba 2024 Hispania ikatangaza faini ya euro milioni 179 kwa kampuni tano. Mwaka 2025 kampuni za chama cha Airlines for Europe zikakubaliana kwamba begi la bure lisipungue sentimita 40 × 30 × 15. Abiria walilalamika, na kipimo kikasogea.

Basi wewe unayejiandaa kusafiri: soma kipimo cha ndege iliyo ndogo kuliko zote katika safari yako, si ile kubwa. Azima futi kwa fundi cherehani, pima pamoja na magurudumu na mkono wa begi. Uzito, mizani ya sokoni inatosha.

Na ukitozwa bila haki, omba risiti, kisha ulalamike kwa maandishi. Wapagazi wale hawakuwa na diplomu hata moja, lakini walijua kusema: huu umezidi.