Padri aliyemwambia Patton ukweli

Tarehe 8 Desemba 1944, mvua ikiwa haikatiki mashariki mwa Ufaransa, simu ililia kwa Padri James O'Neill, mkuu wa makasisi wa Jeshi la Tatu la Marekani mjini Nancy. Aliyepiga ni Jenerali George Patton, kamanda wa jeshi hilo. Alitaka sala ya kuomba hali nzuri ya hewa. O'Neill alipekua vitabu vyake asiipate, akaitunga mwenyewe. Patton akaamuru zichapwe nakala 250,000 zigawiwe askari.

Kisha jenerali akamuuliza: jeshini humu watu wanasali kiasi gani? Kwa simulizi ya O'Neill mwenyewe, hakumpaka mkubwa wake mafuta kwa mgongo wa chupa. Mapigano yakipamba moto kila mtu husali, alisema, ila sasa mvua inanyesha, watu wamekaa tu wanasubiri, na sala ni chache. Patton hakukasirika. Jibu hilo lilizaa waraka kuhusu sala, uliopelekwa kwa makasisi na makamanda wa jeshi zima. Tarehe 16 Wajerumani walishambulia eneo la misitu la Ardennes. Tarehe 23 mawingu yalitawanyika, ndege zikaruka, na O'Neill akavishwa nishani ya Nyota ya Shaba.

Kazi ya kasisi wa jeshi ni kongwe. Mwaka 742, mtaguso wa Wafranki uliosimamiwa na Mtakatifu Bonifasi uliwakataza makleri kushika silaha, lakini ukaruhusu kila kamanda awe na padri mmoja wa kuwaungamisha askari. Leo Mkataba wa Geneva wa 1949 unamlinda kasisi: hata akikamatwa na adui, hahesabiwi kuwa mfungwa wa vita.

Ulinzi huo haumpi ujasiri wa kusema. Mwaka 1945, kisiwani Tinian, Padri George Zabelka aliwahudumia wanajeshi wa anga waliodondosha mabomu ya atomu Hiroshima na Nagasaki. Miaka mingi baadaye alikiri hadharani kwamba alijua raia wa Japani wanateketezwa kwa mabomu, naye alinyamaza. Ushauri wa kasisi una maana pale tu anapofungua kinywa.

Kanuni za jeshi la Marekani zinamtaka kasisi amshauri kamanda kuhusu dini, maadili na ari ya askari, na pia imani za wenyeji wa eneo la operesheni. Ana cheo, lakini haamrishi kikosi. Anachopewa ni nafasi ya kumfikia kamanda moja kwa moja, hata kama neno analompelekea ni chungu.