Mbili Toa Mbili: Vile Karata Moja Ilivunja Mchezo Mzima

Kila mtaa uko na sheria zake za kadi. Hapa unamaliza na nane, kule nane ni swali na swali lazima lijibiwe. Ubishi ukianza, mwenye sauti kubwa ndiye hushinda. Sasa imagini mchezo wenye maelfu ya karata tofauti, kila moja imeandikwa sheria yake usoni, na mashindano yenye pesa juu ya meza. Huko sauti haikusaidii. Huko anashinda mwenye anasoma.

Mchezo wenyewe ni Magic: The Gathering. Ulitoka Agosti 1993 Marekani, chini ya kampuni ya Wizards of the Coast, na aliyeubuni ni mwanahisabati anaitwa Richard Garfield. Hakuna rundo moja la wote. Unanunua pakiti bila kujua ndani kuna nini, halafu unajijengea rundo lako. Mnaanza na alama 20 za uhai na karata saba mkononi, kisha kila zamu unaokota moja. Shika hiyo ya mwisho: moja kwa zamu. Hiyo ndiyo breki ya mchezo wote. Na historia yake, ukiniuliza mimi, ni historia ya watu kutafuta vile wataikata hiyo breki bila kuvunja sheria hata moja.

Vita vya maneno vilianza hata kabla mchezo haujafika dukani. Kwenye majaribio, karata moja iliandikwa kwamba mpinzani anapoteza zamu inayofuata. Kwa Kiingereza neno lililotumika lina maana mbili: kukosa kitu na kushindwa. Mchezaji mmoja akaisoma hivi: ukiitumia hii, zamu ijayo mpinzani ameshindwa, game imeisha. Ikabidi waandike upya, na ilipotoka ikiitwa Time Walk ilisema tu kwamba wewe unapata zamu ya ziada.

Mwanya wa pili ulikuwa wa pesa. Sheria za 1993 zilitaka rundo lisipungue karata 40, lakini hazikusema unaweza kuweka nakala ngapi za karata moja. Garfield alidhani watu watanunua pakiti chache tu, hivyo karata kali zitabaki nadra. Wapi! Mwenye doo alinunua mpaka akazipata. Black Lotus ilikupa bure nguvu tatu za kulipia karata zingine, nguvu zinazoitwa mana. Timetwister iligharimu mana tatu: kila mtu anarudisha karata za mkononi na zilizotupwa ndani ya rundo, anachanganya, anaokota saba mpya. Fanya hesabu. Lotus moja inalipa Timetwister moja, na Lotus uliyotumia inarudi kwenye rundo ukaipate tena. Mwaka 1994 mashindano yakaweka kikomo: nakala nne kwa kila karata, na zile hatari zaidi, hizi mbili zikiwemo, moja tu.

Ungedhani wamejifunza. Oktoba 1998 ikatoka Urza's Saga, seti ya karata 350, na ndani yake wazo poa sana: kuzungusha. Umeshika karata ambayo haikusaidii sasa hivi? Lipa mana mbili, itupe, okota nyingine. Bei ni ya haki na hakuna anayeumia.

Lakini ndani ya seti hiyo hiyo kulikuwa na karata inaitwa Fluctuator. Kazi yake ni moja: kuzungusha kwako kunapungua bei kwa hadi mana mbili.

Mbili toa mbili ni sufuri.

Yaani ukijaza rundo lako viumbe wa kuzungushwa kwa mana mbili, Fluctuator ikikaa mezani unatupa na kuokota, unatupa na kuokota, bure, mpaka umepitia rundo karibu lote kwa zamu moja. Mwisho unatoa karata inayohesabu viumbe waliotupwa na kumchapa mpinzani kwa idadi hiyo. Yeye amekaa tu hapo anakuangalia, mkono umejaa karata ambazo hatawahi kuzitumia.

Na haikuwa peke yake. Kipindi hicho wachezaji walikiita Combo Winter, kwa sababu meza zilijaa marundo ya aina hii. Mapema 1999 ikaja Memory Jar: kila mtu anaweka mkono wake kando, anaokota saba, na zamu ikiisha anatupa hizo saba. Iunganishe na Megrim, inayomchoma mpinzani alama mbili kwa kila karata anayotupa. Saba mara mbili ni 14. Jar mbili ni 28, na yeye alianza na 20. Memory Jar ilipigwa marufuku kwa dharura ndani ya wiki chache tu. Fluctuator nayo ikatolewa kwenye mashindano ya Standard mwaka huo huo.

Je, hao wachezaji walikuwa matapeli? Mimi nasema hapana. Tapeli huficha karata kwenye mkono wa shati. Hawa waliweka kila kitu mezani na kufuata maandishi neno kwa neno. Karata 350 zinatoa jozi 61,075, na hapo hujahesabu seti za zamani. Waliounda seti hawangeweza kujaribu kila jozi, lakini maelfu ya wachezaji wenye njaa ya kushinda wanaweza, na watafanya hivyo wikendi ya kwanza.

Kitu kinaniuma ni nani alilipia. Kampuni ilikuwa imeshauza pakiti zake. Aliyebaki na hasara ni yule kijana aliyetafuta nakala nne za karata ambayo kesho yake imekatazwa, pamoja na yule aliyelipa kiingilio akapigwa kabla hajacheza chochote. Makosa ya mwandishi, bili kwa mchezaji.

Kwa hivyo ukiandika sheria zozote, za mchezo, za chama ama za kikundi chenu cha mtaa, usimpe rafiki yako akusomee. Yeye anajua ulimaanisha nini. Mpe mtu anayetaka kushinda. Na kabla mgawe kadi wikendi hii, kubalianeni kwanza: nane inamaliza ama haimalizi?