Abiria wa Nne

Chukua gari dogo la kawaida, lile linalokwenda kilomita 12 kwa lita. Dar es Salaam hadi Dodoma ni kilomita 450 hivi, kwa hiyo litakunywa lita 37 au 38, na petroli ikiwa karibu shilingi 3,000 kwa lita, safari itakula laki moja na elfu kumi na ushee. Treni ya umeme ilipofika Dodoma Julai 2024, nauli ya daraja la kawaida ilipangwa shilingi 31,000. Watu watatu kwa treni ni 93,000. Wanne ni 124,000. Kwa hesabu ya mafuta peke yake, anayeamua familia ipande nini ni abiria wa nne. Akiwapo, baba anatafuta funguo. Asipokuwapo, anatafuta tiketi.

Vuka mpaka uje Kenya. Nairobi hadi Mombasa ni kilomita 480 hivi, sawa na lita 40 kwa gari lilelile. Petroli ikiwa shilingi 180 za Kenya kwa lita, hiyo ni 7,200. Nauli ya kawaida ya treni ya Madaraka Express ilipandishwa hadi 1,500 Januari 2024, hivyo wanne hulipa 6,000 na watano 7,500. Hapa mwamuzi ni abiria wa tano. Kwingineko mantiki ni ileile: treni hutoza vichwa, gari hutoza umbali. (Tairi, oili na bima sijaviweka kwenye hesabu, kwa kuwa hakuna dereva ninayemjua anayeviweka.)

Sasa nenda Japani, ambako watu wengi wangetarajia hesabu iipendelee reli waziwazi. Kati ya Tokyo na Osaka barabara kuu ni ya kulipia, na tozo yake huzidi yen 10,000 kwa gari la kawaida. Ongeza petroli ya yen elfu tano na kitu. Tiketi ya Shinkansen kwa safari hiyohiyo ni kama yen 14,000 kwa mtu mmoja. Kwa hiyo hata kwa tozo nzito namna ile, abiria wawili tu wanatosha kulifanya gari liwe rahisi kuliko treni. Ukiipima kila treni kwa gari la nchi yake, ya Japani ni ghali na zetu ni za bei ya chini. Hata hivyo, tangu mwaka 2020 ratiba ya reli hiyo inaruhusu hadi treni 12 za Nozomi kwa saa moja, ambazo ndizo za haraka kuliko zote, na nyakati za pilikapilika viti hujaa.

Kama kinachozijaza treni si pesa, basi labda ni mwendo. Shinkansen hufika Osaka kwa saa mbili na nusu hivi, na dereva huhitaji kama saa sita. Anayepanda treni ameokoa saa tatu na nusu. Treni yetu ya Dodoma hutumia kati ya saa tatu na nusu na nne. Anayeendesha, akiheshimu kilomita 50 kwa saa kila anapopita kwenye makazi na kumkwepa trafiki mwenye tochi, atatumia saba au nane. Wa treni ameokoa saa zilezile. Tofauti ya 285 kwa 160, yaani mwendo wa juu wa treni hizo mbili kwa saa, inasisimua kwenye mabango, lakini kwa msafiri anayelinganisha treni na barabara ya kwao faida ni ileile.

Jibu nililiona wazi zaidi nilipoitazama Uswisi, nchi ambayo haikuwahi kushindania mwendo. Mwaka 1982 ilianza ratiba ya mzunguko: treni ileile, kila saa, dakika ileile. Desemba 1987 wapiga kura wakaidhinisha mpango wa Bahn 2000, na wapangaji wake wakaanza kwa swali ambalo mhandisi wa kwetu angelishangaa: safari kati ya miji mikubwa inapaswa kuchukua muda gani ili treni zote zikutane? Wakaona kwamba Bern hadi Zürich inatakiwa iwe chini ya saa moja kidogo, ili treni iingie stesheni dakika chache kabla ya saa kamili, abiria wabadilishe, na nyingine zitoke dakika chache baadaye. Reli mpya kati ya Mattstetten na Rothrist ilipofunguliwa Desemba 2004, safari ilishuka kutoka dakika 69 hadi 56. Wangeweza kutamani 45. Dakika 11 zile za ziada zingekuwa za kusubiri tu jukwaani, na fedha yake ikatumika kwingine.

Matokeo yake ni kwamba Mswisi haulizi treni inaondoka saa ngapi. Anajua kuna moja inakuja. Hata vijijini milimani, basi la njano la posta hungoja treni ifike ndipo liondoke. Tunapousifu uhuru wa gari, kinachosifiwa hasa ni haki ya kuondoka wakati unaotaka, na Waswisi waliipa reli haki hiyo kwa wingi wa safari. Kule, kukosa treni ni kikombe cha kahawa. Dodoma au Syokimau, iliko stesheni ya Nairobi, kukosa treni kunaweza kuwa nusu ya siku. Kenya, msafiri anayeshika njia nzima ana treni ya asubuhi, ya alasiri na ya usiku, basi. Wa Mombasa mwenye kikao Nairobi kinachoanza saa tano hana budi kuondoka jana yake usiku, au apange kila kitu upya kwa ajili ya ratiba. Gari halimwombi apange chochote.

Lakini Ulaya isichukuliwe kama darasa moja lenye mwalimu mmoja. Ujerumani, jirani wa Uswisi, ina treni za haraka tangu 1991 na ratiba nene, na bado mwaka 2024 treni zake za masafa marefu zilizofika kwa wakati zilikuwa asilimia 62 hivi, hali ya kuwa hata iliyochelewa dakika tano huhesabiwa imewahi. Mjerumani anayechagua barabara ya kasi hafanyi hivyo kwa ushamba wala kwa kiburi. Amekaa jukwaani mara nyingi mno.

Jambo la pili ni ncha za safari, na hapa Japani na Afrika Mashariki zinafanana kuliko inavyodhaniwa. Reli ya zamani ya Japani ina upana wa milimita 1,067, sawa na TAZARA. Reli yetu ya mkoloni ilikuwa ya mita moja. Wote tulipotaka treni ya kisasa tuliona nyembamba haitoshi, tukajenga mpya ya milimita 1,435, na reli mpya hutaka ardhi mpya, nayo ardhi mpya huwa nje ya mji. Shinkansen ilipofunguliwa tarehe 1 Oktoba 1964, Shin-Yokohama ilikuwa mashambani, na Shin-Osaka ilisimama upande wa pili wa mto kutoka katikati ya Osaka. Stesheni ya Miritini iko mbali na kisiwa cha Mombasa na Syokimau iko mbali na katikati ya Nairobi kwa sababu zilezile. Tofauti ni kilichofuata, au tuseme kilichotangulia: treni ya chini ya ardhi ya Osaka ilifika Shin-Osaka Septemba 1964, wiki moja kabla Shinkansen yenyewe haijaanza.

Syokimau ina treni ya kuunganisha na katikati ya mji, na walioizoea huisifu. Lakini mtu wa Westlands aliyelipia barabara ya juu ya Nairobi ili awahi stesheni amekwisha kuonja gari na kulilipia. Akifika, anaombwa awepo mapema. Mabegi yanapangwa mstari chini, wenyewe wanarudi nyuma, mbwa anapita akinusa moja baada ya jingine, kisha mizigo inainuliwa tena kwenda kwenye mashine, kisha kitambulisho, kisha tiketi. Usalama una sababu zake, na Kenya inazijua sababu hizo kwa machungu. Ila kila hatua inaisogeza treni karibu na ndege na kuiweka mbali na basi, wakati mshindani wake kibiashara ni basi na gari.

Dar es Salaam ilipata bahati ambayo Osaka iliikosa: stesheni mpya iko mjini kabisa, jirani na ile ya zamani, na kituo cha mabasi ya mwendokasi cha Gerezani hakiko mbali. Kwa wa Kariakoo au Ilala ni neema. Kwa wa Kibaha ni kichekesho, maana kuipanda treni mjini ni kurudi nyuma kwenye foleni zote alizohama kuzikimbia, ilhali gari lake kwa muda huohuo lingekuwa linanusa Chalinze.

Marekani inaonyesha ncha zikikosekana kabisa. Los Angeles hadi San Francisco ni kilomita 600 na ushee, umbali ambao reli ya kasi mara nyingi huushinda uwanja wa ndege, sembuse barabara. Gari huchukua saa sita hivi. Treni ya Coast Starlight, moja tu kwa siku, hupita njia nzuri ya pwani kwa saa 11 au zaidi, na hata hivyo haiingii San Francisco: hukushusha ng'ambo ya ghuba uvuke kwa basi. Ukitokea upande wa pili unashushwa Los Angeles, mji uliopangwa kwa ajili ya wenye magari, na kazi yako ya kwanza ni kukodi gari. Wapiga kura wa California waliidhinisha reli ya kasi Novemba 2008 na bado wanaisubiri. Lakini anayesema Wamarekani hawaijui reli atembee kando ya reli zao aone mabehewa ya mizigo yasiyo na mwisho. Wao waliipa mizigo reli, watu wakawapa barabara; Wajapani walifanya kinyume. Ni uchaguzi wa nchi mbili zilizojua zinafanya nini.

Mizigo, kwa kweli, ndiyo sura ninayoona imesahaulika katika mijadala yetu. Gari la familia linalorudi Dar kutoka Dodoma halirudi na watu tu. Lina dumu la mafuta ya alizeti nyuma ya kiti cha dereva, maboksi mawili ya zabibu, mchele wa bibi, na jogoo aliyefungwa miguu ambaye hakuna aliyekubali kumpakata. Treni ina kikomo cha kilo, na haimtaki jogoo. Kwa hiyo hata abiria wa nne asipokuwapo, nafasi yake imekaliwa na gunia, na gunia halilipi nauli kwenye gari.

Japani walikutana na tatizo hili wakalitatua kando ya treni. Mwaka 1976 kampuni ya Yamato ilianza kupeleka vifurushi mlango kwa mlango, na leo msafiri hulituma sanduku lake mapema, akapanda Shinkansen na mkoba tu, akalikuta hotelini. Sisi tunacho kilinganishi chake, ingawa hakuna aliyekibuni ofisini. Ni basi. Unaandika jina na namba ya simu kwa kalamu nene juu ya boksi, unalipeleka ofisi ya mabasi, ndugu yako analichukua Mbezi au Msamvu kesho yake. Wapo walioanza kuviunganisha viwili hivi, gunia kwa basi na mwenyewe kwa treni, na naona wamewatangulia wapangaji.

Kuna na heshima. Uswisi, wabunge hupewa tiketi ya mwaka ya treni, na waziri kukutwa behewani akisoma makabrasha si habari. Japani nako wabunge wana pasi za reli. Kwetu cheo kimekaa kwenye shangingi, na barabara ya Dodoma imeyaona mashangingi mengi tangu serikali ihamie huko. Viongozi wamekwisha kupigwa picha wakipanda treni. Siku watakapopanda bila mpiga picha, watumishi wa chini nao watauona usafiri huo kuwa wa hadhi.

Lililobaki ni lile wasafiri huligundua njiani. Kati ya Nairobi na Mombasa, reli na barabara hufuatana karibu mwendo mzima, kiasi kwamba wa treni humwona wa lori akihangaika Tsavo. Tanzania zinafuatana hadi Morogoro, kisha zinaachana. Barabara hushika Dumila, Gairo na Kibaigwa yenye soko lake la mahindi. Reli huingia Kilosa, hutoboa mahandaki, ikatokea Gulwe. Njia ya kale ya Tokaido huko Japani ilikuwa na vituo 53 vya kulala na kula, nayo Nozomi kwa kawaida husimama mara nne tu kati ya Tokyo na Shin-Osaka. Miji ya katikati ililazimika kutafuta riziki nyingine, na barabara za kulipia ziliirudishia sehemu kwa vituo vikubwa vya mapumziko vinavyouza mazao ya kila eneo.

Mwenye shangazi Gairo, kwa hiyo, mjadala huu wote haumhusu, maana treni haipiti kwake. Mwenye shangazi Kilosa ndiye mwenye kazi ya kupiga hesabu, na akiamua treni ajiandae: atarudi Dar mikono mitupu, na wa nyumbani watamuuliza nyanya za Dumila ziko wapi.