Nani Anaruhusiwa Kulala Msituni? Historia Fupi ya Hema na Boma Ngorongoro

Miaka michache iliyopita niliwapeleka wanafunzi wangu wa historia Karatu kwa mafunzo ya nje ya darasa. Nilikusudia tulale siku mbili ndani ya msitu wa hifadhi unaofunika miteremko ya milima ya Ngorongoro kwa upande wa Karatu, ili wauone kwa macho yao na si kwa ramani ya ukutani. Nilipojumlisha ada ya kambi, kibali, askari wa kutulinda na usafiri, nikakuta fungu letu lingewatosha wanafunzi wanne kati ya thelathini na wawili. Basi tukapiga mahema katika kiwanja cha mtu binafsi mjini Karatu, kando ya barabara ya lami, tukasikiliza malori usiku kucha. Msituni tuliingia mchana tu, tukiongozwa na askari wa hifadhi, hadi kwenye mapango ambayo tembo wameyachimba kwa pembe zao wakitafuta udongo wenye chumvi.

Wakati wa kurudi tulikutana na akina mama waliokuwa wakitoka na mizigo ya kuni kavu, wakitembea kwa haraka. Askari alimwamkia mkubwa wao, "Shikamoo, bibi," kisha akatazama saa yake. Mwanafunzi mmoja akamwuliza yule bibi: msitu huu ni wa nani? Alijibu bila kusimama: "Mchana ni wetu, mwanangu. Usiku ni wa serikali."

Nimesoma vitabu vingi kuhusu sheria za misitu na hifadhi za nchi hii, na sidhani kama nimekutana na muhtasari ulio bora kuliko huo. Katika makala haya nataka kuonyesha kwamba historia ya Ngorongoro ni, kwa sehemu kubwa, historia ya swali moja: nani anaruhusiwa kulala? Kupita, kutazama, hata kuokota, ni mambo ambayo dola imeyavumilia kwa nyakati na viwango tofauti. Kulala ni jambo jingine. Anayelala huwasha moto, huteka maji, hujenga kizuizi dhidi ya fisi, na asubuhi anaweza kusema: hapa ni kwangu.

Tuanze na hema la kwanza lenye kumbukumbu ya maandishi. Mwezi Machi 1892 Oscar Baumann, mtafiti kutoka Austria, aliingia katika kreta ya Ngorongoro na msafara wake wa wapagazi uliotoka pwani ya Tanga. Vitabu vya watalii humtaja kama Mzungu wa kwanza kuiona kreta. Mara chache hutaja alichokikuta. Sotoka ilikuwa imefyeka ng'ombe wa Afrika Mashariki, na Wamasai walikuwa katika miaka ya maangamizi ambayo hadi leo wanaikumbuka kwa jina la Emutai. Kambi ya Baumann ilizungukwa na watu waliokuwa wakifa kwa njaa, wanawake, wazee na watoto waliotafuta chochote cha kula. Kwa hiyo, tangu siku ya kwanza, picha ilikuwa ni hiyo: mgeni ndani ya hema akiwa na akiba, na mwenyeji nje ya hema asiye na kitu. Wala wenyeji hao hawakuwa wa kwanza. Kabla ya Wamasai walikuwapo Wadatoga, ambao makaburi ya wazee wao yangali ndani ya kreta.

Baada ya hema likaja shamba. Mwanzoni mwa karne ya ishirini ndugu wawili Wajerumani, Adolph na Friedrich Wilhelm Siedentopf, walijipatia ardhi ndani ya kreta ile ile, wakajenga nyumba na kufuga, hadi Vita Kuu ya Kwanza ilipowaondoa. Ardhi ambayo miaka michache nyuma ilikuwa imekosa watu kwa sababu ya njaa ilihesabiwa kuwa haina mwenyewe. Hesabu hiyo haikuwa ya Ngorongoro peke yake. Sheria ya misitu ya mwaka 1904 ya Afrika Mashariki ya Kijerumani iliipa serikali nguvu ya kutenga misitu na kuiwekea mipaka. Waingereza walipochukua Tanganyika waliirithi mipaka mingi, wakatunga sheria yao ya misitu mwaka 1921 na nyingine mwaka 1957. Mtu aliyezoea kupeleka mifugo msituni wakati wa kiangazi, kurina asali, au kulala chini ya mti pamoja na ndama wake, alijikuta siku moja akiitwa mvamizi bila kuhama hata hatua moja.

Hapa inafaa kutazama lugha kidogo. Kiswahili chetu kina maneno ya zamani kwa ajili ya kulala njiani au ugenini. Wavuvi wana dago, mahali wanapotua kwa majuma kadhaa mbali na kwao. Misafara ilikuwa na vituo, na kituo ni pale mtu anapotua mzigo. Maneno hayo hayakubeba harufu ya kosa. Kulala nje ilikuwa sehemu ya kazi: ya mvuvi, ya mpagazi, ya mchungaji, ya mrina asali. Sheria za misitu ziliigawa kazi hiyo mara mbili. Ikifanywa na mwenye kibali, ikawa kupiga kambi. Ikifanywa na mwenyeji, ikawa kuvamia.

Mgawanyo huo ulipata sura yake kamili katika miaka ya 1950. Mwaka 1951 Hifadhi ya Taifa ya Serengeti ilianza kufanya kazi ikiwa imeijumuisha Ngorongoro ndani yake, na wafugaji wakaahidiwa kwamba hawatasumbuliwa. Punde yakaja makatazo ya kilimo, yakazua upinzani mkali, na serikali ya kikoloni ikaunda kamati ya uchunguzi mwaka 1957. Mwaka uliofuata wazee kumi na wawili wa Kimasai walitia saini makubaliano ya kuiacha Serengeti. Mwaka 1959 eneo likagawanywa: Serengeti ikabaki hifadhi isiyo na wakazi, na Ngorongoro ikawa eneo la hifadhi ambamo watu, mifugo na wanyamapori wangeishi pamoja. Gavana Richard Turnbull aliliahidi Baraza la Wamasai kwamba, iwapo maslahi ya wanyama na ya watu yatagongana, ya watu yatatangulia.

Mwaka huo huo Michael Grzimek alikufa katika ajali ya ndege, akazikwa ukingoni mwa kreta. Filamu aliyoitengeneza pamoja na baba yake, Bernhard, ikaifanya Serengeti ijulikane duniani kote kama nchi ya wanyama. Kaburi lake lipo kando ya barabara na lina mnara. Kila gari la watalii hulipita. Simnyimi marehemu heshima yake. Ninachosema ni kwamba pembeni mwa kreta hiyo hiyo wapo watu wengi waliozikwa bila mnara, na barabara haisimami kwao.

Uhuru haukubadilisha hesabu. Mwaka 1974 familia zilizokuwa zikiishi ndani ya kreta ziliondolewa kwa nguvu na maboma yao yakaachwa. Mwaka 1975 sheria ilirekebishwa na kilimo kikapigwa marufuku katika eneo lote. Marufuku hayo yalilegezwa mwaka 1992, njaa ilipokuwa imebana, kisha yakarudishwa. Issa Shivji na Wilbert Kapinga walieleza kwa kina katika kitabu chao cha mwaka 1998 jinsi haki za Wamasai wa Ngorongoro zilivyokuwa zikining'inia kisheria: mtu anaishi, lakini makazi yake ni kama ruhusa inayoweza kufutwa. Wakati huo huo mahema yaliongezeka. Ukingoni, pale panapoitwa Simba, kuna uwanja mpana wa nyasi ambako mgeni anaweza kulipa, akasimika hema lake, akaamka na pundamilia mlangoni. Hata yeye haruhusiwi kulala chini, sakafuni mwa kreta. Lakini juu anaruhusiwa, na analindwa.

Kwa nini hema liruhusiwe na boma likatazwe? Jibu la kawaida ni mazingira: hema halikati miti, halina ng'ombe, haliachi jivu jingi. Jibu hilo lina ukweli, nami sitalipuuza. Ila kuna jibu la pili ambalo mihadhara ya uhifadhi hulipita kimya. Hema lina sifa moja ambayo boma halina: mwenye hema ataondoka kesho. Hatadai shule, hatapiga kura katika kijiji hiki, hatazika mama yake hapa. Dola iliyorithi sheria za 1904 na 1921 imejifunza kumpenda anayeondoka.

Sasa niwe mwadilifu. Msitu ule si pambo. Ndio unaokamata ukungu na mvua kwa ajili ya mashamba ya kahawa ya Karatu na Oldeani, na chemchemi zinazotoka chini ya milima ile ndizo zinazomwagilia vitunguu vya Mang'ola, kule bonde la Ziwa Eyasi. Wairaqw wa Karatu wanaojaza masoko ya Arusha kwa ngano, maharage na vitunguu wanakula kutokana na msitu ambao hawawezi kulala ndani yake. Na idadi imebadilika: waliokadiriwa kuwa takriban 8,000 ndani ya eneo la hifadhi mwaka 1959 walikuwa wamezidi 90,000 kufikia mwaka 2017. Mtu anayesema kwamba namba hizo hazileti swali lolote anajidanganya. Laiti kila mmoja wetu angepanda mlimani na shoka lake, bibi yule wa kuni angekuwa wa kwanza kukosa kuni.

Lakini swali likiwa gumu, haifuati kwamba jibu litafutwe bila wanaohusika. Tangu mwaka 2022 familia nyingi zimehamishiwa Msomera, wilayani Handeni, mamia ya kilomita kutoka Ngorongoro. Serikali imesema wanahama kwa hiari. Wengi waliobaki wamelalamika kwamba huduma za jamii zilipunguzwa hadi hiari ikakosa maana. Agosti 2024, baada ya tangazo la kufuta vijiji na vitongoji vyao, maelfu ya Wamasai walijitokeza barabarani, kwenye njia hiyo hiyo inayopita magari ya watalii, wakidai haki ya kuandikishwa na kupiga kura mahali wanapoishi. Mahakama ikalisimamisha tangazo hilo. Miaka 132 baada ya Baumann, watu walisimama tena kando ya njia ya mgeni. Safari hii hawakuomba chakula. Waliomba kuhesabiwa.

Wanafunzi wangu huniuliza: Mwalimu, basi tufanye nini? Nina mambo matatu, na yote yanawezekana ndani ya sheria tulizonazo.

Kwanza, neno "umma" lirudishiwe maana. Sera ya Misitu ya mwaka 1998 na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 zilifungua mlango wa usimamizi shirikishi, yaani vijiji vinavyopakana na msitu wa serikali kukaa meza moja na mwenye dhamana na kugawana kazi na faida. Msitu wa Ngorongoro una usimamizi wake chini ya Mamlaka ya Hifadhi, lakini hakuna sababu ya kimaadili kwa nini jirani wa Karatu awe na sauti ndogo kuliko jirani wa msitu wa Babati au Iringa.

Pili, kambi ziwe pia za Watanzania wenye kipato kidogo. Sheria inadai kibali kwa mtu anayetaka kupiga kambi katika msitu wa hifadhi, na ni haki idai. Kibali kinalinda msitu na kinamlinda mtu dhidi ya nyati. Lakini kijana wa sekondari ya Karatu anayekua akiuona msitu kila asubuhi bila kulala ndani yake hata usiku mmoja hatajifunza kuulinda. Uwanja mmoja wa wanafunzi, wenye ada ya wanafunzi na askari mmoja, ungefanya kazi ambayo mabango elfu hayawezi.

Tatu, na hili nawaambia hasa watumishi wa umma wanaosoma hapa: kila mnapoandika waraka unaomhamisha mtu, andikeni pia historia ya ahadi alizopewa. Ahadi ya 1959 haikuwekewa tarehe ya mwisho.

Usiku ule Karatu, wanafunzi walipokwisha kulala, nilitoka hemani nikatazama juu kaskazini. Mlima ulikuwa mweusi, na mahali fulani ukingoni palikuwa na taa chache, za hoteli au za kambi, sikuweza kujua. Nikamkumbuka bibi yule na mzigo wake. Alikuwa amekwisha kufika nyumbani, amewasha moto kwa kuni za mchana. Ukomo wa haki yake niliuona kwa macho: mstari wa miti, mwendo wa nusu saa kutoka kitandani kwake.